UZI: Mtoto mwenye GSD (ini halitoi sukari) na maisha ya konflawa mbichi kwa saa

#1 Mama Kihonda

Wakuu habarini za jioni. Naomba niandike hili kwa urefu kidogo maana kwenye ule uzi wa watoto wenye matumbo makubwa naona kila mtu anajibiwa minyoo, bandama, kwashakoo, basi. Kuna mama kaandika mtoto wake anaamka alfajiri kalegea, jasho linamtoka, akishakula anachangamka kama hakuna kilichotokea. Mama kama unapita hapa, siku hiyo hiyo ya kulegea apimwe sukari kidoleni kabla ya kula, ni dakika moja tu, halafu ale. Ikisoma chini usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya minyoo.

Binti yangu ana miaka 6 na ana GSD (Glycogen Storage Disease) aina ya Ia. Ni ugonjwa wa kurithi, jina la zamani wanauita von Gierke, yule daktari wa Kijerumani aliyeuandika mwaka 1929. Inakadiriwa mtoto mmoja kwenye kila laki moja wanaozaliwa, kwaiyo madaktari wengi wanastaafu bila kuuona na siwalaumu kwa hilo.

Ni hivi. Mtu akila, sukari inayobaki ini linaiweka akiba, inaitwa glaikojeni. Usiku ukilala bila kula ini linaivunja ile akiba na kuirudisha kwenye damu kidogo kidogo mpaka kunakucha. Hatua ya mwisho kabisa ya kuitoa inahitaji kimeng'enya kinaitwa glukosi-6-fosfatesi, na binti yangu hana. Ni ghala limejaa mahindi mpaka juu, mlango umekomewa, na wenye nyumba wanalala njaa. Ini linazidi kujaa glaikojeni na mafuta, linavimba (ndo hilo tumbo watu wanaloliona), damu inabaki haina sukari. Mtoto mdogo akikaa masaa matatu manne bila kitu tumboni sukari inaporomoka, na ile sukari iliyokwama inageukia njia nyingine, unakuta asidi ya laktiki iko juu, mafuta kwenye damu juu, asidi ya yuriki juu. Mashavu yanakuwa ya duara, urefu hauongezeki, damu za pua mara kwa mara, na sukari ikishuka sana ni degedege. Degedege hapa kwetu wote tunajua linaitwaje, malaria imepanda kichwani. Binti yangu ameshachomwa sindano za malaria ambayo haipo, kwenye kituo ambacho sitakitaja, na kipimo cha sukari kilikuwepo hapo hapo mezani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Matibabu yenyewe ni chakula, na sehemu kubwa ya hayo matibabu iko kwenye duka la Mangi. KONFLAWA. Ule unga mweupe laini sana wa wanga wa mahindi, wanaopakazia kuku wa kukaanga au kuzitisha supu. Sio sembe, sio dona, na sio kastadi. Soma pakiti, iwe ni wanga wa mahindi mtupu, isiwe na rangi wala ladha wala sukari.

Zamani, miaka ya 70, watoto hawa walikuwa wanaingizwa mpira puani wanalishwa usiku kucha kwa mashine. Mwaka 1984 Chen, Cornblath na Sidbury wakaandika kwenye New England Journal of Medicine kwamba konflawa mbichi ikikorogwa kwenye maji inashikilia sukari kwa masaa kadhaa, maana chembe za wanga mbichi tumbo linazivunja taratibu, sukari inaingia kwenye damu kidogo kidogo kama ambavyo ini lingefanya. Ukiipika au ukiweka maji ya moto zile chembe zinapasuka, inasagwa haraka, inaisha haraka, mtoto analala na sukari inashuka. Kwaiyo MAJI BARIDI AU YA KAWAIDA, MBICHI. Hapa ndo pa kupigania na kila mtu atakayekuja kumlea mtoto wako, maana dada wa kazi kwa huruma yake anaona unga mbichi utaumiza tumbo, anauchemsha kidogo.

Kwetu dozi inapimwa kwa mizani ya jikoni, kijiko hakiaminiki. Binti ana kilo 18, daktari kampa gramu 35 kila mara. Wako atapewa yake, msinakili yangu. Kwa watoto wadogo huwa wanaanzia kama gramu 1.6 kwa kilo kila masaa matatu mpaka manne, wakubwa inapanda mpaka 1.7 hadi 2.5 na muda unarefuka kidogo. Naweka kwenye kikombe chenye mfuniko, maji ya mtungi, natikisa, anakunywa hapo hapo maana ukichelewa unga wote unazama chini. Akimaliza naongeza maji kidogo, nakung'uta ule uliogandia kwenye kitako cha kikombe, anamalizia na huo, maana ule wa chini nao ni sehemu ya dozi. Saa nne usiku, saa nane usiku, na saa kumi na mbili asubuhi kifungua kinywa. Kila siku. Homa, msiba, harusi, safari, saa ni zile zile. Simu mbili zina alamu, yangu na ya baba yake, ili moja ikizima chaji nyingine ilie.

Mchana anakula kama watoto wengine ila kwa mpangilio. Ugali, wali, viazi mviringo, chapati isiyo na sukari, maharage, dengu, dagaa, samaki, mayai, nyama isiyo na mafuta mengi, mchicha, matembele. Uji upo ila hauna sukari wala maziwa. Kinachokatazwa ni sukari ya mezani, asali, miwa, juisi, soda, matunda karibu yote, viazi vitamu, na maziwa kwa kiasi kikubwa. Sababu ni kwamba fruktosi ya kwenye matunda na galaktosi ya kwenye maziwa lazima zipite kwenye ini ndipo ziwe glukosi, na zikiingia kule hazitoki, zinaongeza asidi ya laktiki na kuvimbisha ini. Kwa kuwa matunda na maziwa yanapungua, anameza vitamini, kalsiamu na vitamini D kwa maelekezo ya daktari. Na dawa za maji za watoto nyingi zina sukari, omba vidonge uviponde.

Karibuni maswali. Najibu nikipata nafasi.

#2 Kijukuu cha Chifu

Nafuatilia dada. Sikuwahi kuusikia huu ugonjwa. Mungu akutie nguvu wewe na baba yake.

#3 Chuma cha Reli

Pole sana mama. Ila mimi naona hawa wazungu wanatupa unga wa dukani wakati asali ipo, asali ni dawa kwa kila kitu na ni ya asili. Na kama sukari inashuka si unampa soda moja anarudi fasta?

#4 Mama Kihonda

Mkuu Chuma, najua unasema kwa nia njema, na bibi yake alisema neno hilo hilo kwaiyo nakujibu kwa heshima. Karibu nusu ya sukari ya kwenye asali ni fruktosi. Ile nusu ya glukosi itampandisha kwa muda mfupi, ile fruktosi inakwenda kukwama kwenye ini na kuwa asidi. Soda hivyo hivyo. Kisha kile kinachopanda haraka kinashuka haraka, baada ya saa moja uko pale pale na asidi imeongezeka. Sisi tunatembea na glukosi ya unga, ile ya pakiti ya dukani, tunasoma iwe glukosi tupu, tunampa kidogo kisha konflawa juu yake ili ishikilie. Mkikwama njiani mtoto analegea na hakuna kingine kabisa isipokuwa soda, mpe soda, usimwache azimie, halafu kimbia hospitali. Ila akiwa hajitambui usimimine kitu chochote mdomoni, atapaliwa.

#5 nesi_wa_zamu

Mimi ni muuguzi wa watoto, Kanda ya Ziwa. Mama Kihonda umeeleza vizuri, naomba niongezee mambo ambayo wahudumu wenzangu wakisoma hapa yatawasaidia.

La kwanza, msidanganyike na muonekano. Watoto wa GSD Ia wengine unapima sukari inasoma 2.2 mmol/L, chini kabisa, na mtoto anacheza na mpira. Ni kwa sababu ubongo wao unatumia ile asidi ya laktiki kama mafuta mbadala. Usiseme mashine mbovu, rudia kipimo na mpe glukosi.

La pili ni dripu. Vituo vingi mtoto akitapika tunatundika Ringa, mkono unaenda wenyewe. Ringa ina laktati ndani (ndiyo hiyo asidi ya laktiki), na mtoto huyu tayari laktati imemjaa, haifai kwake. Anatakiwa deksitrosi (yaani glukosi) asilimia 10 pamoja na chumvi, mapema, bila kusubiri majibu ya maabara. Na akipata nafuu usiichomoe ghafla, punguza taratibu huku ameanza kula, ukikata ghafla sukari inaanguka.

La tatu glukagoni, ile sindano ya homoni ya kupandisha sukari. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyeshukiwa sukari inasaidia kwa sababu inaliamrisha ini litoe akiba. Huyu ini lake halina uwezo wa kutoa. Haisaidii na laktati inapanda zaidi.

Na kutapika kwa mtoto huyu ni dharura. Sio ya kusubiri asubuhi. Konflawa isipokaa tumboni, saa inaanza kuhesabu.

#6 Kipepeo wa Kisauni

Assalaam alaykum ukhti. Mimi niko Mombasa, mtoto wa dada yangu alipatikana na hii GSD mwaka jana. Sasa nyumbani wazee wamenishika, wasema akifika miaka kumi ataanza kufunga japo nusu siku azoee kama wenzake. Na tende je, si wasema tende ni chakula cha Mtume, haiwezi kumdhuru? Nipe la kuwaambia, maana mamake ni mpole hawezi kubishana nao.

#7 Swahiba wa Ruwi

Waalaykum salaam. Ukhti niruhusu nijibu mimi, niko Muscat, na mpwa wangu ana miaka 14 ana Ia hiyo hiyo, anatibiwa huku tangu mchanga.

Hafungi na hatofunga, wala nusu siku. Mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Qur'ani, Sura ya Pili, aya ya 184 na 185, na huyu si mgonjwa wa kupona mwezi ujao akalipa. Waambie wazee wende na daktari wamkalishe shekhe wa mtaa wamueleze kwamba masaa matano bila chakula yaweza kumletea degedege. Sisi tulifanya hivyo na imamu mwenyewe ndiye alokuja kuwaeleza bibi na babu. Hapo maneno yakesha.

Tende ina fruktosi nyingi, hapana. Futari yetu mezani kwake kuna sambusa za nyama, chapati, mbaazi bila sukari, kuku, maji. Anakaa na wenzake, anakula na wenzake. Sharbati hagusi na keshazoea, yeye mwenyewe ndiye anaesoma makaratasi ya biskuti kabla hajafungua.

Jambo jengine nataka kulisema wazi, maana huku na kwetu Unguja ni mamoja. Sisi tunaoana wenyewe kwa wenyewe. Ugonjwa huu baba na mama wote wawili wanakuwa wamebeba jeni mbovu moja moja na wao hawaumwi, na kila mimba mtoto ana nafasi moja kati ya nne kuwa mgonjwa. Wakiwa mtu na binamu yake nafasi ya wote wawili kubeba jeni ile ile inakuwa kubwa zaidi. Hii si laana ya mama wala jicho la mtu. Shemeji yangu aliambiwa maneno mazito sana na mawifi zake kabla ya kipimo kuonyesha kwamba ndugu yao nae kachangia nusu sawa sawa.

#8 Kipepeo wa Kisauni

Shukran jazilan. Hiyo ya imamu ndiyo tutafanya. Na hiyo ya mawifi, wallahi kama ulikuwa kwetu.

#9 Baba Junior Tanga

Wadau naomba msaada. Mwanangu ana miezi 9, tumbo kubwa gumu upande wa kulia, hakui, analia usiku kila baada ya masaa mawili anataka ziwa, tukadhani ni ulafi tu. Juzi alipata degedege bila homa. Nimesoma hapa mwili umenisisimka. Je nianze kumpa hiyo konflawa leo? Na nimlaze njaa kesho nimpeleke kupima?

#10 nesi_wa_zamu

Baba Junior, USIMLAZE NJAA nyumbani. Kipimo cha kufunga kwa mtoto kama huyu kinafanyika ndani ya hospitali akiwa na dripu tayari mkononi. Na konflawa usianze mwenyewe, huwa inaanzwa kati ya miezi 6 na mwaka kwa sababu kongosho la mtoto mchanga bado halitoi kimeng'enya cha kutosha kuvunja wanga mbichi, na inaanzwa kidogo kidogo, la sivyo ni gesi na kuhara. Na bado hujajua ni GSD ipi. Ipo aina ya tatu ambayo protini nyingi ndo inasaidia na maziwa hayakatazwi hivyo, na kuna ugonjwa mwingine kabisa wa kushindwa fruktosi peke yake, mtoto anaanza kuumwa akianzishiwa matunda na uji wa sukari. Tumbo linafanana kwa nje, chakula ni tofauti.

Kesho asubuhi nenda hospitali ya rufaa kwa daktari wa watoto. Endeleeni kumnyonyesha kila masaa mawili mpaka mfike. Omba sukari, laktati, mafuta kwenye damu yaani traiglisaraidi, asidi ya yuriki, vimeng'enya vya ini na altrasaundi ya tumbo. Vikiwa vinaelekea huko, kipimo cha kumalizia ni cha jeni, kinachukua damu tu. Zamani walikuwa wanachoma sindano kwenye ini kutoa kipande, sasa hivi mara nyingi hakuna haja.

#11 Mama Kihonda

Baba Junior kaka yangu, kulia kila baada ya masaa mawili mara nyingi sio ulafi, mtoto anajiokoa. Sampuli ya jeni ya kwetu ilisafirishwa nje, majibu yalichukua wiki nyingi na ilikuwa gharama ya kuuza kitu. Lakini daktari hakusubiri jeni, alipoona laktati na mafuta alianza mpangilio wa chakula hapo hapo. Mwambie daktari wako maneno haya haya uliyoandika hapa, hasa degedege bila homa na kulia kwa vipindi. Niandikie inbox ukifika.

#12 Mwalimu Ndizi

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Mama Kihonda shuleni mnafanyaje? Tukipokea mtoto wa namna hii tunatakiwa kujua nini?

#13 Mama Kihonda

Asante sana mwalimu kwa hili swali, ndo ninalolilia siku zote.

Kitu cha kwanza muda. Saa nne asubuhi wenzake wanapata uji wa sukari, yeye anakunywa konflawa yake na kula chapati yake. Sio saa nne na nusu kwa sababu kipindi hakijaisha. Mwalimu wake ana kikombe na pakiti kwenye kabati, gramu zimeshapimwa nyumbani kwenye vifuko, anaongeza maji tu. Mchezo na mbio zinamaliza sukari haraka, kwaiyo siku ya michezo anaongezewa kitu kabla. Asinyimwe kucheza! Anapenda kuruka kamba kuliko kitu chochote.

Kitu cha pili ni dalili zake. Akisinzia darasani, akiwa mkali ghafla, jasho baridi, mikono kutetemeka, asiadhibiwe, apewe glukosi kwanza, maswali baadae. Adhabu ya kunyimwa mapumziko kwa mtoto huyu ni hatari ya kweli kweli.

Na kitu cha tatu ambacho kinaniuma ni huruma mbaya. Siku ya keki ya mwenzake kuna mtu atasema "kidogo tu jamani, mnamnyima mtoto utoto wake". Bibi yake alikuwa hivyo, alikuwa anamfungia kipande cha muwa kwenye khanga. Kilichombadilisha ni daktari kumwonyesha majibu ya laktati ya mwezi wa likizo kijijini na ya mwezi wa nyumbani, karatasi mbili pembeni kwa pembeni. Siku hizi yeye ndo mkali kuliko mimi, majirani wanamwogopa, na yule mama aliyekuwa anasema tunamlisha mtoto unga mbichi usiku wa manane kwa sababu za kishirikina alikutana na bibi huyo kisimani akanyamaza moja kwa moja. Utoto wake mimi simnyimi. Ninachomnyima ni muwa.

Bweni la shule ya msingi haliwezekani kwa sasa, nani ataamka saa nane usiku.

#14 Kijukuu cha Chifu

Na huko mbele inakuwaje? Anapona akikua?

#15 Swahiba wa Ruwi

Haponi, ila kuisimamia sukari kunakuwa kwepesi kidogo kadiri mwili unavyokua. Mpwa wangu usiku sasa anatumia aina nyengine ya wanga, wa mahindi ya nta uliopitishwa kwenye joto na unyevu, unauzwa kwa jina la Glycosade, unamfikisha masaa saba nane mpaka asubuhi, mamake analala. Ni ghali na haupatikani kila nchi. Mkononi ana sensa ya sukari inayopiga kelele ikishuka, hiyo imetubadilishia maisha.

Wanachomfuatilia ni ini kwa altrasaundi, kwa sababu kuanzia ujana uvimbe huweza kuota ndani ya ini, na figo kwa kupima mkojo kama una protini. Asidi ya yuriki ikikaa juu anapewa alopurinoli. Wenye sukari na laktati zilotulia miaka yote wanapata matatizo haya kidogo zaidi, na wapo watu wazima wenye Ia wana kazi na wamezaa watoto wao.

Tiba ya jeni inafanyiwa kazi. Mwaka 2024 kampuni ya Ultragenyx ilitoa matokeo ya awamu ya tatu ya majaribio ya dawa yao DTX401, waliopewa walipunguza konflawa ya siku kwa wastani wa asilimia 41 baada ya wiki 48, sukari ikiwa imetulia. Kupunguza, si kuacha. Akija mtu kukuuzia dawa ya kuponya kabisa WhatsApp, mfukuze.

#16 Baba Junior Tanga

Wakuu tumelazwa toka juzi. Laktati iko juu sana, mafuta kwenye damu daktari alishangaa, damu ilivyotolewa ilikuwa inaonekana nyeupe nyeupe kwenye kichupa. Wameanza kumlisha kwa saa, wameandika vipimo vya jeni. Mama yake amelala kwa mara ya kwanza. Nawashukuru sana wote, Mama Kihonda nimekutumia inbox. Naomba ile barua ya kubeba, ya kuwaonyesha wahudumu, uliyonitajia huko.

#17 Mama Kihonda

Alhamdulillah, Mungu mkubwa kaka. Hii hapa, naiweka wazi ili kila mwenye kuhitaji achukue. Ipelekeni kwa daktari wenu aisome, arekebishe, asaini na kupiga muhuri. Yetu tumeipaka plastiki, moja kwenye begi la shule, moja kwa bibi, moja kwenye pochi yangu.

*"Ndugu mhudumu. Mtoto huyu ana GSD aina ya Ia. Ini lake haliwezi kutoa sukari. Akitapika, akikataa kula, akilegea au akipata degedege, pima sukari mara moja na weka dripu ya deksitrosi 10% yenye chumvi kwa kiwango kilichoandikwa hapa chini na daktari wake. Usisubiri majibu mengine. Usitumie Ringa. Usitumie glukagoni. Usimpe dawa ya maji yenye sukari, asali wala juisi. Usikate dripu ghafla. Usimfungishe kula kwa ajili ya kipimo au upasuaji bila dripu ya deksitrosi. Mzazi anajua ratiba yake ya chakula, tafadhali msikilize. Simu ya daktari wake: ........"*

Mwenye mtoto wa aina ya Ib aongeze mstari mmoja: chembe nyeupe zake za damu huwa chini, homa yoyote au vidonda vya mdomoni apimwe damu na aanziwe antibayotiki mapema. Na huyo wa Ib muulize daktari kuhusu empaglifloziini, ni dawa ya kisukari aina ya pili lakini tangu 2020 imeonekana kuzisaidia chembe zao nyeupe, dozi yake lazima isimamiwe maana nayo inaweza kushusha sukari.